"Boisterous", "rowdy", "raucous": kelele zote si moja

Muhula ukiisha na ripoti za watoto wa shule za "English medium" zikitoka, wapo wazazi ambao hawasumbuliwi sana na alama za hisabati. Kinachowasumbua ni maneno mawili matatu ya mwalimu chini ya karatasi. Mmoja ameandikiwa kwamba mwanawe ni "boisterous". Anafungua kamusi, anakuta "-enye kelele, -enye ghasia", roho inamruka. Mwenzake ameandikiwa mtoto ni "vocal in class". Kamusi inampeleka kwenye habari za sauti na nyuzi za kooni, naye anabaki hajui ashukuru au amkanye mtoto. Wa tatu ameambiwa binti yake ni "obstreperous", na kwa kuwa neno lenyewe ni refu na lina sura ya kisomi, anatabasamu akidhani kasifiwa. Kati ya hao watatu, huyo wa mwisho ndiye aliyepaswa kwenda kuonana na mwalimu.

Vyumba vya habari navyo havijasalimika. Shirika la habari la nje linaandika kwamba fulani ni "vocal critic" wa serikali. Akifika kwenye Kiswahili amekuwa "mkosoaji mwenye makelele". Mwandishi wa kwanza alisema tu kwamba mtu huyo hanyamazi. Wa pili amemtukana, tena bila kukusudia. Na vijana wanaoomba kazi kwa Kiingereza nao wamo: anayetaka kusema kwamba hana woga mbele za watu anaandika kuwa yeye ni "loud", neno ambalo mwajiri akilisoma ataiweka barua pembeni.

Maneno ya jamii hii yanapita ishirini, na sisi tumeyatupa yote kapu moja la "-enye kelele". Kuyatoa humo si kazi kubwa, ila inabidi kwanza tuelewane juu ya istilahi mbili. Kivumishi ni neno linaloeleza sifa ya nomino: mtoto mtundu, shati jekundu. Kisawe ni neno linalokaribiana maana na jingine. Wengi husoma hapo "linalolingana", na ndipo wanapopotea.

Kivumishi cha aina hii hubeba vitu viwili kwa pamoja: taarifa na hukumu. Taarifa ni kwamba kulikuwa na sauti kubwa, au kulikuwa na kitu kilichovuta macho. Hukumu ni jinsi anayesema alivyolipokea jambo hilo, kama lilimfurahisha, lilimchosha au lilimtisha. Shuleni tulifundishwa taarifa, hukumu tukaachiwa tuiokote wenyewe njiani. Ndiyo maana imeenea dhana kwamba maneno haya yamepangwa kwa ngazi ya sauti: "noisy" chini, "loud" juu yake, "boisterous" juu zaidi na "raucous" kileleni. Hakuna ngazi ya namna hiyo. Kicheko cha watu wanne kinaweza kuwa "raucous", na uwanja mzima ukaimba bila kustahili neno hilo.

Ajabu ni kwamba Mswahili anazijua tofauti hizi tangu utotoni. Hakuna anayechanganya nderemo na vurugu. Bibi harusi akitolewa ndani kuna vigelegele na hoihoi. Sokoni wateja wakigombea kipimo kuna zogo. Darasa lisilo na mwalimu lina makelele. Mkutano wa chama ukivunjika kwa kurushiana viti, hiyo ni vurumai. Mtu akipita mtaani amevaa kofia yenye unyoya na fimbo mkononi tunasema ana mbwembwe, na akianza kutaja bei ya kiatu chake, anajishaua. Kiswahili kimeziweka hukumu hizi ndani ya nomino na vitenzi, wakati Kiingereza kimeziweka ndani ya vivumishi. Vivumishi vyetu halisi ni vichache, vingine tunaviunda kwa "-enye" au "-a". Kwa hiyo mtunga kamusi akifika kwenye "boisterous" anatafuta kivumishi, hakioni, anaunga "-enye" na nomino iliyo karibu, na iliyo karibu siku zote ni kelele. Mimi nikikutana na kivumishi cha Kiingereza cha ukoo huu sitafuti kivumishi chetu kabisa. Najiuliza: hapa ningesema kuna nini? Hoihoi, zogo, fujo au mbwembwe?

Tuanze na yaliyo mepesi. "Loud" ndilo neno tupu kuliko yote. Linahusu ukubwa wa sauti, kile ambacho kipimo cha desibeli kinaweza kusoma. Radi ni "loud", spika za ukumbini ni "loud", na hakuna aliyelaumiwa bado. "Noisy" linahusu wingi wa sauti na kero yake: mgahawa, barabara, jenereta la jirani. Mwenye sauti nene akitamka neno moja anaweza kuwa "loud". Watoto thelathini wakinong'ona kwa pamoja wanatosha kuwa "noisy". Ndiyo maana "loud music" ni usemi wa kila siku, lakini akikwambia "noisy music" ujue anauchukia muziki wenyewe, hata ukipunguzwa.

Kanuni za Kenya za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2009 zinaonyesha jambo hili vizuri. Hazikutosheka na "loud" peke yake. Zinakataza kelele iliyo "loud, unreasonable, unnecessary or unusual" inayowasumbua wengine: kubwa, isiyo na kiasi, isiyo ya lazima au isiyo ya kawaida. Neno la kwanza linapimika kwa mashine. Matatu yaliyofuata ni hukumu za binadamu, na hayo ndiyo yanayoacha nafasi ya ubishi.

Lakini "loud" likimwelekea mtu mwenyewe badala ya sauti yake, linageuka. "She has a loud voice" ni taarifa. "She is loud" ni lawama: hajui kujizuia, anataka chumba kizima kimsikie yeye. Hapo ndipo barua ya kazi ilipoharibika. Anayejiamini ni "confident", anayejieleza kwa ufasaha ni "articulate", na wote wawili wanaweza kusema kwa sauti ya chini. Na shati likiitwa "loud", ni lile la rangi zinazowaka kupita staha. Kiingereza kimeazima kazi ya sikio kuzungumzia jicho, na tutakutana na mchezo huo tena mbele. Lipo pia "stentorian", la sauti nene inayofika mbali bila kipaza sauti. Limetokana na Stentor, mpiga mbiu wa Wagiriki ambaye Homer alisema sauti yake ilikuwa sawa na ya watu 50. Ni sifa, ila ni neno la vitabuni. Ukilitumia kwenye ujumbe wa simu watakucheka.

Uwanja mmoja, maneno matatu

Chukua Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, siku ya Simba na Yanga. Saa tatu kabla ya mpira ngoma zinapigwa, jezi nyekundu upande huu, za kijani na njano upande ule, watu wanaimba na kurushiana vijembe. Mwandishi wa Kiingereza akiliita kundi hilo "boisterous", amesema lina nguvu, lina furaha, linasikika mbali, na yeye hajaogopa. Hiyo ndiyo hoihoi yetu. Akiliita "rowdy", ameona dalili za fujo: mtu kasukumwa, chupa imeruka, polisi wameanza kusogea. Akiliita "raucous", anazungumzia mlio wenyewe, kwamba ni mkavu na unakwaruza, umejaa vicheko vya makoo yaliyokauka. Kundi linaweza kuwa "raucous" na lisimguse mtu hata kwa kidole.

Asili za maneno haya zinasaidia kuyakumbuka. "Raucous" limetoka katika Kilatini, "raucus", maana yake sauti iliyokauka. Waandishi wa vitabu vya ndege hulipenda sana wanapoeleza kasuku na kunguru, na yeyote aliyeamshwa alfajiri na kunguru weusi wa Dar es Salaam hahitaji maelezo zaidi. "Rowdy" lilianza Marekani mwanzoni mwa karne ya 19 likiwa nomino, jina la wanaume wakorofi wa maeneo ya mpakani ambako sheria ilikuwa mbali. Ukorofi huo haujalitoka hadi leo.

"Boisterous" lina safari ya kinyume. Zamani lilikuwa neno la ukali. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, pale Petro anapotembea juu ya maji, Mathayo 14:30, upepo uliomtia hofu akaanza kuzama unaitwa "boisterous". Siku hizi upepo haukosi kuitwa hivyo kwenye maandishi ya kifasihi, lakini kwa watu neno limelainika: ni mtoto anayekimbia, anayecheka kwa nguvu, anayegonga meza bila kukusudia. Kwa hiyo mzazi wa kwanza apunguze presha. Hata hivyo asilale kabisa. Walimu wenye malezi ya Kiingereza cha Uingereza hulitumia kwa adabu ya mdomo, na likirudi kwenye ripoti mihula miwili mfululizo, mwalimu anaomba msaada. Mmarekani katika hali hiyo angeweza kusema "rambunctious", neno la kwao la karne ya 19 ambalo hutumiwa zaidi kwa watoto na vijibwa vya mbwa, na karibu kila mara kuna tabasamu ndani yake.

Mahali ambapo maneno haya hufanyishwa kazi mfululizo ni Bunge la Uingereza. Kila Jumatano saa 6 mchana, vikao vinapokuwepo, Waziri Mkuu husimama kujibu maswali kwa muda wa nusu saa hivi. Wabunge ni 650 na viti vyao ukumbini ni 427, kwa hiyo siku hiyo wengine hubaki wamesimama au wamekaa kwenye ngazi. Mila za bunge hilo haziruhusu makofi. Basi kila hisia inatoka kwa mdomo: "hear, hear", kuguna, kucheka kwa kejeli, kuzomea. John Bercow, Spika kuanzia 2009 hadi 2019, alijulikana hata kwa watu wasiofuatilia siasa za huko, kwa jinsi alivyokuwa akilivuta neno "order" kuwatuliza. Sasa soma magazeti ya kesho yake. Anayeupenda utamaduni huo ataandika kikao kilikuwa "lively" au "boisterous". Aliyeuchoka ataandika "rowdy". Anayetaka msomaji aisikie milio yenyewe ataandika "raucous". Kikao ni kilekile na desibeli ni zilezile, lakini msomaji mzoefu ameshaujua msimamo wa gazeti kabla hajafika aya ya pili. Mfasiri anayeandika "kikao chenye kelele" mara zote tatu ameufuta msimamo huo, na hiyo ilikuwa nusu ya habari.

Wasiotawalika

Yapo maneno ambayo kelele ndani yake ni ya kuambatana tu. Kiini ni kukataa kuongozwa. "Unruly" limetokana na "rule", kanuni. Nywele zisizolala zikichanwa huitwa "unruly", na nywele hazina sauti. Katika usafiri wa anga neno hili lina uzito wa kisheria. Mashirika ya ndege yana utaratibu maalumu kwa "unruly passengers", na Itifaki ya Montreal ya mwaka 2014 ilirekebisha Mkataba wa Tokyo wa 1963 ili, pamoja na mengine, nchi ambako ndege inatua nayo iwe na uwezo wa kumshtaki abiria wa namna hiyo. Ukitafsiri tangazo la shirika la ndege ukaandika "abiria wenye kelele", umewatisha wanaocheka na umewaacha wanaopigana na wahudumu.

"Obstreperous" linachanganya mawili: kelele na ukaidi. Kilatini "strepere" ni kupiga kelele, na "ob" mbele yake inaipa kelele hiyo mwelekeo, kwamba imeelekezwa dhidi ya mtu. Mlevi anayegoma kutoka baa huku akitukana ni "obstreperous". Mgonjwa anayemfokea muuguzi kila akiletewa dawa, vilevile. Binti wa yule mzazi aliyetabasamu hakuwa mchangamfu; alikuwa akibishana na kila agizo, tena kwa sauti.

Hapo inaingia dhana potofu ambayo naiona hata kwa watu waliosoma sana: kwamba neno refu lina heshima zaidi. Urefu wa neno la Kiingereza kwa kawaida unaeleza lilikotoka. Maneno mafupi kama "loud" ni ya asili ya Kigermaniki ya lugha hiyo, ukoo ambao Kijerumani nacho kimo. Kundi jingine liliingia na Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Kundi la tatu, hasa karne za 16 na 17, wasomi walilichota moja kwa moja kwenye Kilatini, ndimo walimo "obstreperous" na "vociferous". Haya ya mwisho yana harufu ya kitabu, basi. Mtu anaweza kutukanwa kwa silabi nne kwa ukamilifu uleule wa silabi moja.

Twende kwa wanaopaza sauti kwa hoja. Mtu "vocal" husema mara kwa mara juu ya jambo lake na hafichi msimamo. Sauti yake inaweza kuwa ya kawaida kabisa. Mtoto aliye "vocal in class" anachangia darasani, na mzazi wa pili anaweza kushukuru bila wasiwasi. "Outspoken" anasema wazi hata lisilopendeza, na anaweza kulisema kwa utulivu wa kuogofya. Kiswahili kina usemi mzuri kwa huyo: hamung'unyi maneno. "Vociferous" ndiye mwenye sauti kweli: limeungwa kwa "vox", sauti, na "ferre", kubeba. Wafanyakazi waliosimama getini na vipaza sauti wakidai mishahara wana "vociferous protest". Kwa kiongozi mmoja mmoja linafaa pale anapopiga kelele kweli na kurudia bila kuchoka. Kumwita hivyo mtu aliyeandika makala mbili za upole gazetini ni kumwongezea sauti asiyokuwa nayo.

"Strident" linahitaji tahadhari zaidi. Kilatini chake, "stridere", ni mlio wa kukwaruza, kama wa bawaba isiyotiwa mafuta. Likitumika kwa hoja, maana yake ni kwamba msemaji ana ukali unaochosha masikio, na mara nyingi anayelitumia hataki kujibu hoja yenyewe. Wanawake wa siasa wa nchi zinazosema Kiingereza wamelalamika miaka mingi kwamba wao huitwa "strident" au "shrill" kwa usemi ambao mwanamume angeitwa "forceful". Margaret Thatcher, kabla hajawa Waziri Mkuu mwaka 1979, alichukua mafunzo ya kuishusha sauti yake kwa sababu ya shutuma za aina hiyo. Kwa mfasiri, ushauri wangu ni huu: ukilikuta neno hilo kwenye maoni ya mtu, litafsiri pamoja na sumu yake, lakini usilitumie wewe kama taarifa yako.

Kelele za macho

Sasa yale yasiyo na sauti. Mti wenye asili ya Madagaska ambao wengi Tanzania huuita mkrismasi, kwa vile huchanua mwekundu mwezi wa Desemba, Waingereza wanauita "flamboyant". Ukiushika mti huo akilini umelimaliza neno. Mkrismasi haupigi kelele, haumwombi mtu chochote, wala haudai kuwa tajiri kuliko mwembe. Ila huwezi kupita bila kuutazama. Hivyo ndivyo alivyo mtu "flamboyant": mavazi, mikono, matembezi, vyote vina madoido, na mara nyingi watazamaji wanafurahia. Asili ni Kifaransa, kuwaka ndimi za moto, na katika Kiingereza neno lilianzia kwenye usanifu katika miaka ya 1830, kueleza madirisha ya makanisa ya Ufaransa ya mwisho wa Enzi za Kati, ambayo nakshi zake za mawe hupinda kama miali. Kanisa la Saint-Maclou mjini Rouen ni mfano unaotajwa sana.

Magazeti ya Kenya yanapomtaja gavana wa zamani wa Nairobi, Mike Sonko, neno hili humfuata kama jina la ukoo, na kwa mikufu ile ya dhahabu sidhani kama kuna wa kubisha. Wasapeur wa Kinshasa na Brazzaville, wapenda mavazi ya kifahari ambao mwanamuziki Papa Wemba aliwapa umaarufu duniani, ni "flamboyant" pia: suti ya rangi ya waridi, soksi zinazolingana na leso, mwendo wa kupimwa. Lakini ukiwaita "ostentatious" umewakosea. Neno hilo, kutoka Kilatini cha kuonyesha, lina lawama ya kutangaza mali au cheo ili wengine wajione wadogo. Sapeur anaweza kuwa anaishi chumba kimoja cha kupanga. Anaonyesha ustadi wa kuvaa, na mtaa unajua. Harusi ambayo noti zinamwagwa hewani huku mpiga picha akiambiwa asogee zaidi, hiyo ni "ostentatious". Sisi tunasema kujishaua, na vijana wa sasa wanasema kujimwambafai.

Mwanauchumi wa Marekani, Thorstein Veblen, aliandika juu ya tabia hiyo mwaka 1899 na akaipa jina "conspicuous consumption", matumizi ya kuonekana: mtu ananunua ili aonekane amenunua. Alichagua "conspicuous" kwa makusudi, nadhani, kwa sababu ni neno baridi. Linasema tu kwamba kitu kinaonekana kwa urahisi. Mnara wa simu juu ya kilima ni "conspicuous", na kiongozi asiyehudhuria mazishi makubwa naye husemwa yu "conspicuous by his absence", pengo lake limeonekana.

"Flashy" ni mng'ao wa bei rahisi, gari lenye taa nyingi na injini ya kukohoa. "Gaudy" na "garish" ni vya vitu kuliko watu, rangi zilizopishana vibaya, mapambo yaliyozidi. Sina mengi juu ya hayo. Ukisema "yamepitiliza" umefika.

Kosa linalozalisha makosa mengi kwenye kundi hili ni kamusi za visawe. Ile maarufu ya Kiingereza ilitolewa mwaka 1852 na daktari Mwingereza, Peter Mark Roget. Aliyapanga maneno kwa makundi ya maana bila kuyaeleza, kwa sababu alidhani msomaji wake anayajua tayari na anataka tu kukumbushwa. Programu za simu zimechukua mpango uleule na kuwapa watu ambao hawayajui. Kijana anabonyeza "loud", anashushiwa safu ya maneno, anachukua lililo zuri kwa macho. Ndiyo unapata "raucous applause" kwenye ripoti ya mahafali, maana yake wageni waheshimiwa walipiga makofi kama walevi. Makofi makubwa ya heshima yana neno lake, "thunderous". Kicheko huenda na "raucous", upinzani huenda na "vociferous", utajiri huenda na "ostentatious". Kabla hujatumia neno jipya, tafuta sentensi tano za magazeti zilizolitumia utazame linakaa na nomino zipi. Ni dakika kumi za kazi.

Nimeacha mwisho jozi inayowasumbua hata wenye lugha yao. "Blatant" ni neno lililobuniwa: mshairi Edmund Spenser alilitoa mwaka 1596, akimwita hivyo dude lake moja lenye ndimi elfu moja, mfano wa umbea na kashfa. Kwa muda mrefu likamaanisha mwenye makelele. Baadaye likahama kutoka sikioni kwenda machoni, na sasa "blatant lie" ni uongo wa mchana kweupe, ambao aliyeusema hata hakujisumbua kuuficha. "Flagrant" limetoka kwenye Kilatini cha kuwaka moto, na uzito wake uko kwenye ubaya wa kitendo: "flagrant violation" ni uvunjaji wa sheria uliokithiri. Yote mawili yanaonekana wazi, ndiyo maana yanachanganywa. Mpira wa kikapu wa NBA umeyatenganisha kwa vitendo. Kugusana kusikokuwa kwa lazima ni "flagrant" daraja la kwanza; kukiwa si kwa lazima na tena kumepita kiasi ni daraja la pili, na mchezaji anatolewa. Anayemshika mwenzake jezi mbele ya kamera zote ili kusimamisha saa amefanya rafu "blatant" kabisa, ameiona kila mtu hadi aliyeko sebuleni, na kwa hilo mara nyingi anapigiwa filimbi tu, mchezo unaendelea.